Saa ya marehemu: ni kumbukumbu au ni mirathi?



Miongoni mwa kazi za katibu wa kamati ya msikiti ni kushika kalamu pale familia inapoomba msaada wa kuorodhesha mali ya marehemu kabla ya kugawa mirathi. Mwaka uliopita nilikaa katika baraza moja ya namna hiyo. Marehemu, ambaye wazazi wake walikwisha kutangulia, aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Tuliandika nyumba, shamba la minazi, akiba ya benki, cherehani na hata baiskeli. Nilipokuwa nikilifunga daftari, binti wa mwisho, aliyekuwa kimya tangu alasiri, akasema kwa adabu: “Samahani Ustadhi, saa ya baba haijaandikwa.”

Sote tukageuka. Saa ilikuwa mkononi mwa kaka yake mkubwa, naye alikuwa ameivaa tangu siku ya mazishi. Hakukasirika. Alisema: “Mdogo wangu, hii ni saa kuukuu tu. Naivaa nipate kumkumbuka baba.” Binti akajibu: “Nami pia namkumbuka, kaka.”

Baraza lilinyamaza. Niliandika “saa ya mkono, moja”, nikaiacha wazi nafasi ya thamani, na tukaagana kwamba atafutwe mtu mwenye kuzijua saa. Ilikuwa Omega Seamaster ya chuma cha pua, ambayo mzee aliinunua Maskati katika miaka ya 1970 alipokuwa karani huko. Jambo lile lilinifanya nichunguze: ni kitu gani kilichomo katika saa kuukuu hata watu waitake kuliko mpya?

Uhai bila ya betri

Saa za zamani zinazotafutwa leo huenda kwa kamani. Kamani ni utepe mwembamba wa chuma uliosokotwa. Ukitia ufunguo hujikaza, kisha hufunguka polepole na kuyasukuma magurudumu madogo yanayoziendesha akrabu. Gurudumu moja hucheza kwenda na kurudi ili nguvu isitoke yote kwa mara moja; katika saa nyingi za mkono hupiga kati ya mapigo 18,000 na 28,800 kwa kila saa moja. Zile za kujitia ufunguo zenyewe, kama ile ya mzee wetu, zina kipande kizito kinachozunguka kwa mwendo wa mkono na kuikaza kamani. Mwenyewe akitembea, saa hupata nguvu. Akiivua siku mbili tatu, husimama.

Tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa sokoni saa ya mkono iitwayo Astron, iliyotumia betri na fuwele ya kwatsi. Haikuchukua miaka mingi ila saa za aina hiyo zikawa rahisi kwa bei na sahihi kuliko saa yoyote ya kamani. Uswisi, makao makuu ya ufundi huu, ilipata pigo kubwa. Wafanyakazi wa viwanda vyake vya saa, waliokuwa takriban 90,000 mwaka 1970, walibaki kiasi cha theluthi moja katikati ya miaka ya 1980. Wengi walidhani kwamba saa ya kamani imekwisha kabisa.

Haikwisha, kwa sababu ambazo mwenye nyumba anaweza kuzifahamu bila ya kuwa mkusanyaji. Ya kwanza ni kwamba saa hiyo hutengenezeka. Fundi mwenye ujuzi huifungua, huisafisha, huitia mafuta, na kipande kilichokufa hukibadilisha au hukichonga upya. Babu huivaa, na mjukuu akaja kuivaa. Ya pili ni uchache: za namna fulani zilitengenezwa kidogo, na kila mwaka nyingine hupotea au huharibika. Ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo ni habari ya mtu aliyeivaa.

Chuma kilichoishinda dhahabu

Mfano wa uchache ni saa ya Patek Philippe iliyopewa namba 1518, iliyoanza kuuzwa mwaka 1941. Ina kalenda inayozijua tarehe za miezi mifupi na mirefu hata miaka mirefu, na tena hupima sekunde kama saa ya mashindano. Nyingi zilitengenezwa kwa dhahabu. Za chuma cha pua zinazojulikana ni nne tu. Moja katika hizo nne iliuzwa mnadani Geneva mwaka 2016 kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi, bei ambayo ndugu zake wa dhahabu hawakuifikia.

Mfano wa habari ya mtu ni saa ya mwigizaji wa Marekani, Paul Newman, aliyependa pia kushindana kwa magari. Mkewe alimnunulia Rolex aina ya Daytona ya chuma, akamchoreshea nyuma maneno machache ya kumkumbusha aendeshe kwa uangalifu. Katika miaka ya 1960 saa hizo ziliuzwa kwa dola mia chache, na wanunuzi hawakuzigombea. Mwezi Oktoba 2017 saa ile ile ilinadiwa New York ikafika zaidi ya dola milioni 17. Vyuma vyake havikutofautiana na vya wenzake. Walichokigombea matajiri wale ni mkono ulioivaa na wasiwasi wa mke juu ya mumewe.

Jambia la Oman

Mfano wa tatu uko karibu na watu wa pwani yetu. Sultani Qaboos bin Said alishika utawala wa Oman mwezi Julai 1970, na baada ya hapo wengi wenye asili ya huko waliokuwa Afrika Mashariki walikwenda kuishi na kufanya kazi huko. Katika miaka hiyo ziliagizwa saa za Uswisi, zikiwamo Rolex, zenye nembo ya jambia au jina la Sultani juu ya uso wa saa, na baadhi zilipitia duka la Asprey la London. Zilitolewa tuzo kwa maofisa na watu waliomtumikia. Leo saa yenye nembo hiyo huuzwa kwa bei kubwa kuliko mwenzake wa aina hiyo hiyo asiye nayo.

Naitaja habari hii kwa sababu zipo familia zetu ambazo baba au babu alirejea kutoka Ghuba na saa mkononi. Saa hiyo huenda imo ndani ya mtoto wa meza, imeviringishwa kitambaa. Ikifika kwa fundi asiyezijua, naye kwa nia njema, hung'arisha mwili mpaka pembe zake zikalainika, na hupaka upya uso uliofifia. Hurudi inapendeza macho, lakini sehemu kubwa ya thamani yake imekwisha kwenda. Mkusanyaji hutaka uso wa asili hata ukiwa umefifia, na mwili usiosuguliwa. Boksi, risiti na karatasi za zamani nazo zihifadhiwe, kwani saa za kughushi ni nyingi na karatasi ni shahidi. Jambo jingine la tahadhari: saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilizong'aa gizani zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi yenye madhara. Usiifungue nyumbani, wala usimpe mtoto aichezee.

Sheria inasemaje?

Kuipenda saa nzuri si kosa. Dini yetu imefungamanisha ibada na wakati: swala ina nyakati zake, saumu ina alfajiri yake na magharibi yake, na Mola wetu ameapa kwa wakati katika Suratul-Asr. Lakini yapo mambo matatu ambayo Muislamu hana budi kuyapima.

La kwanza ni dhahabu. Wanawake wameruhusiwa kujipamba nayo; wanaume wamekatazwa, na saa ya dhahabu haitoki katika katazo hilo kwa kuitwa chombo cha kupimia wakati. Rolex iitwayo Day-Date, iliyotoka mwaka 1956, hutengenezwa kwa dhahabu au platinamu tu, nayo ndiyo wengi huiona mikononi mwa wakubwa wa dunia. Mwanamume akiirithi iliyo ya dhahabu, anaweza kuimiliki na kuiuza. Asiivae. Na hapa chuma kilichoishinda dhahabu mnadani kina funzo kwa vijana wetu wanaodhani kwamba heshima iko katika rangi ya manjano.

La pili ni zaka. Saa ya chuma unayoivaa mwenyewe haina zaka, hata ikiwa ya bei kubwa. Mwenye kununua na kuuza saa kwa biashara huzihesabu thamani zake pamoja na mali yake ya biashara, na akifikisha nisabu na mwaka hutoa asilimia 2.5. Ama saa ya dhahabu inayomilikiwa na mwanamume, katika madhehebu ya Shafi dhahabu yake huingia katika hesabu ya zaka, kwa kuwa si pambo lililoruhusiwa kwake. Kinachopimwa ni uzito wa dhahabu, nayo huunganishwa na dhahabu yake nyingine mpaka ifikie nisabu, takriban gramu 85.

La tatu ni mirathi, na hapa ndipo familia nyingi hukosea bila ya kukusudia. Roho ikishatoka, mali yote ya marehemu, kubwa na ndogo, haimo tena katika milki yake. Hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi kwa mafungu yao. Katika familia niliyoitaja hesabu ilikuwa nyepesi. Mjane ana thumuni. Thumuni saba zilizobaki hugawiwa watoto, mwanamume fungu mara mbili ya mwanamke, kwa hiyo kila mwana wa kiume hupata thumuni mbili na kila binti thumuni moja. Yaani kaka yule alikuwa na robo ya saa aliyoivaa. Robo tatu zilikuwa za mama yake, mdogo wake wa kiume na dada zake watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Hakuiba, wala sithubutu kumwita mwizi. Alimpenda baba yake. Lakini mapenzi hayahamishi milki. Tena vitu vya kumbukumbu ndivyo vinavyoleta chuki ya muda mrefu kuliko mashamba, kwa sababu shamba hupimwa kwa hatua na likagawanyika, ilhali saa, bakora na msahafu wa baba havigawanyiki.

Mzazi anayetaka saa yake ibaki kwa mtoto fulani asitegemee wasia, kwani mrithi hausiiwi ila warithi wengine wakiridhia. Ampe mkononi angali mzima na mwenye afya, mbele ya wenzake, na awafanyie uadilifu watoto wengine kwa kitu kingine. Na kama hakufanya hivyo, warithi wana njia: kitu kithaminiwe na watu wawili wanaokijua, kisha anayekitaka akichukue kwa thamani hiyo ndani ya fungu lake, wengine wakiwa radhi.

Tuliporejea barazani

Baada ya majuma matatu tulikaa tena. Wajuzi wawili walikuwa wameitazama saa ile, kila mmoja peke yake, na makadirio yao yalikaribiana. Haikuwa bei ya minada ya Geneva, lakini ilitosha kununua pikipiki mpya na fedha ikabaki. Nilipoitaja, mjane alishika kichwa. Mumewe aliivaa saa ile kisimani na shambani miaka arubaini.

Yule kaka aliivua mwenyewe, akaiweka juu ya mkeka mbele ya mama yake, na kusema kwamba hakujua, na kwamba hata angalijua kuwa ni ya shilingi mia, ilimpasa aulize. Akaomba aichukue kwa thamani iliyotajwa, ikatwe katika fungu lake la akiba ya benki. Mama alikubali. Mdogo wake akakubali, na dada wawili vilevile. Macho yakamwelekea binti wa mwisho.

“Sikuitaka saa,” alisema. “Nilitaka iandikwe.”

Niliiandika: “Saa ya mkono, Omega, moja”, na thamani yake mbele, na jina la aliyeichukua kwa ridhaa ya wote. Kaka akaiokota pale mkekani na kuivaa, na safari hii dada yake ndiye aliyemfungia mkanda.

Ndugu msomaji, kama iko saa ya mzee katika nyumba yenu, isisuguliwe wala isiuzwe kwa mtu wa kwanza atakayeitamani. Na kama mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, uliza leo: je, iliandikwa?

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.