Watekaji wa Kitengela washtakiwe

Waliowateka wakazi watatu wa Kitengela Agosti 19, 2024 lazima washtakiwe, kwani kuwaachilia mwezi mmoja baadaye, tena huko Kiambu, hakukufuta kosa.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Na ikiwa watekaji hao walikuwa polisi, askari aliye kazini kihalali ana haja gani ya kuficha uso?

Mahakama Kuu haikulala. Ilimhukumu aliyekuwa kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi kifungo cha miezi sita kwa kupuuza wito wake kuhusu watatu hao, ikakiondoa alipojitokeza. Hata hivyo, korti haipelelezi.

Wenye jukumu la kupeleleza na kushtaki waweke wazi walichogundua, wawataje waliotoa amri, na wafungue kesi.