Meza Tembe Zako za Kifafa



Dada mmoja wa Karatina ameniandikia, na namjibu hapa kwa sababu najua swali hili si lake peke yake. Aliombewa kifafa. Sasa ni wiki tatu hajaanguka. Anauliza, "Mchungaji, nikiendelea kumeza tembe, si nitakuwa nakana uponyaji wangu?"

Hapana, dada yangu. Meza tembe zako. Za leo jioni umeze, na za kesho.

Kule Kilifi, tangu mwaka 1989, watafiti wa KEMRI, Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford wanafanya kazi pamoja, na kifafa ni moja ya mambo waliyoyafuatilia kwa miaka mingi. Wanatumia mashine inayoitwa EEG. Nyaya ndogo hubandikwa kichwani, na mashine huchora umeme wa ubongo kama mawimbi. Haipeleki umeme kichwani, inasikiliza tu. (Wala haisomi mawazo au dhambi, msiogope.) Mjerumani Hans Berger ndiye aliyeurekodi umeme huo kwa binadamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1924, lakini Muumba alikuwa ameuweka humo tangu Adamu. Mtu akishikwa na kifafa, chembe nyingi za ubongo zinafyatua umeme kwa pamoja kupita kiasi, na mwili unaangushwa.

Hapo Kilifi watoto wengi waliletwa wakiwa na malaria iliyopanda ubongoni. Ungemtazama mtoto ungesema amelala tu, hajitambui. Mashine ilipowekwa, baadhi yao walionekana wako katikati ya degedege wakati huo huo. Nje ilikuwa jicho kupepesa kidogo, au mate, na wengine hawakuonyesha dalili yoyote. Picha za CT zilizochapishwa mwaka 1994 zilionyesha ubongo uliovimba. Na wapo waliopona malaria wakabaki na kifafa. Nawaambia haya kwa sababu wengi wetu tunamtazama mtu aliyeanguka kwa dakika moja, kisha tunatangaza kilichomwangusha.

Huku kwetu mlimani malaria si shida kubwa kama Pwani, lakini ubongo huumizwa na mengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa sehemu tano za Afrika ikiwemo Kilifi, Ifakara kule Tanzania na Iganga kule Uganda, ulihusisha kifafa na shida za ujauzito na uzazi, kuumia kichwa, na vimelea kama minyoo ya nguruwe. Uzazi mgumu unao Othaya. Ajali za boda boda unazo kila wiki barabara ya Nanyuki.

Sasa najua mtaniambia, "Mchungaji, Mathayo 17 inasema pepo alimtoka yule kijana." Ndiyo. Naamini kila neno la sura hiyo. Pepo wapo, nimewakemea na nitaendelea kuwakemea. Lakini Mathayo huyo huyo, sura ya 4 mstari wa 24, anawataja wenye pepo kivyao, wenye kifafa kivyao na waliopooza kivyao, na Yesu akawaponya wote. Kama Mathayo alijua kuwatenganisha, kwa nini sisi tunawafunga fungu moja? Na soma Marko 9:21. Kabla ya kukemea, Bwana alimuuliza baba yake kijana hali hiyo imempata tangu lini. Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa kliniki.

Nifike palipo na uchungu. Mwaka 2014 watafiti wa Kilifi walitoa matokeo ya kufuatilia watu wenye kifafa cha kudegedeka. Walikuwa wanakufa zaidi ya mara sita kuliko majirani zao. Na miongoni mwa waliokuwa katika hatari zaidi ni wale ambao hawakumeza dawa zao kama walivyoagizwa. Dawa kama fenobabitali ukiiacha ghafla, ubongo unaweza kurudi kwa fujo, degedege juu ya degedege bila kupumzika. Aliyekuambia utupe tembe hatakuwa jikoni kwako siku utakapoangukia moto.

Halafu tuzungumze kuhusu kesha. Kukosa usingizi huchochea kifafa. Madaktari wanalijua hili kiasi kwamba wakati mwingine humwambia mgonjwa apunguze kulala usiku wa kuamkia kipimo cha EEG, ndipo mawimbi mabaya yajitokeze. Basi mtu wa kifafa akija kesha, akaanguka saa tisa usiku, akiwa amefunga na hakumeza tembe za jioni, tusikimbilie kusema nguvu za giza zimekutana na upako. Kwa kanisa letu nasema wazi: mwenye kifafa hahitajiki kesha. Aombe mchana, alale usiku. Akitaka kufunga, aongee kwanza na daktari, na dawa asiruke hata siku moja.

Je, Mungu haponyi? Anaponya. Wale kumi wa ukoma katika Luka 17, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, kwa sababu kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kuwachunguza. Basi dada yangu wa Karatina, nenda ukajionyeshe. Mwambie daktari uliombewa, mwambie hujaanguka wiki tatu. Kwa kawaida wanasubiri miaka miwili au zaidi bila kuanguka, kisha wanapunguza dawa polepole. Muujiza wako hautaharibika kwa kungoja. Hata EEG ikitoka safi, usijipunguzie dawa mwenyewe, maana mashine hiyo inaweza kukosa kuona kifafa kilichopo.

Wahudumu wa kanisa, hili ni lenu. Mtu akianguka Jumapili, ondoeni viti karibu naye, wekeni kitu laini chini ya kichwa, mlazeni ubavu. Msimshike kwa nguvu, msitie kijiko mdomoni, na msimzunguke kwa kelele. Mmoja atazame saa. Ikipita dakika tano, gari itoke mara moja kwenda hospitali, nasi tutaomba tukiwa njiani. Baada ya ibada ya pili tutafanya mazoezi ya jambo hili pale mbele ya madhabahu, wote mje.

Mbarikiwe.