Balozi Atahamishwa, Sisi Tutabaki Gulwe

Makamanda, naandika kutoka Gulwe, wilaya ya Mpwapwa. Mtandao unashika na kukata, nivumilieni.

Wiki hii kwenye kundi letu limerudi swali lile lile: mabalozi wamesema nini? Limenikera, acha niseme.

Tukumbushane kwanza. Novemba 2020, siku chache baada ya kile kilichoitwa uchaguzi, Tundu Lissu alikamatwa Dar es Salaam nje ya jengo lenye ubalozi wa Ujerumani. Alipoachiwa, akapata hifadhi nyumbani kwa balozi, Mama Regine Hess. Tarehe 10 akapanda ndege kwenda Ubelgiji. Huyu ndiye aliyepigwa risasi 16 pale Dodoma mwaka 2017, mnataka angekaa wapi?

Mama Hess namshukuru. Alifungua geti wakati wa hatari. Wale wa buku saba watasema katumwa na mabeberu. Huku kwetu beberu ni mbuzi dume, tena mnadani ana bei nzuri! Waliokuwa wakiwatukana mabeberu jukwaani waliendelea kupokea misaada yao ofisini. Mwalimu hakuwa hivyo. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipokata msaada wa kijeshi kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki nchini, aliwaambia wachukue na uliobaki.

Lakini nanyi makamanda hamjapona. Balozi ni mtumishi wa Berlin. Kabla ya Hess alikuwepo Detlef Wächter, na mwaka 2023 kaja Thomas Terstegen. Miaka mitatu, minne, begi linafungwa, anapangiwa nchi nyingine. Kazi yake ni maslahi ya Ujerumani, na wala hafichi. Wajerumani hao hao waliweka kituo Mpwapwa miaka ya 1880, wakapitisha reli hapa Gulwe, na ya Maji Maji tulingoja mpaka Novemba 2023 ndipo Rais Steinmeier akaomba msamaha Songea. Zaidi ya miaka mia moja. Sasa wewe unangoja tamko lao la kesho asubuhi?

Oktoba 2020 nilikuwa wakala. Kituoni nilizuiwa mlangoni, eti barua yangu haina muhuri unaotakiwa. Nikakaa chini ya mbuyu mpaka jioni, peke yangu. Balozi hakuwepo, sawa, yeye yuko Dar. Ila vijana wetu walioapa kunisindikiza walikuwa wapi? Watano niliwakuta stesheni wanacheza bao, wananiuliza mimi Lissu kasemaje.

Mmoja wao ndiye aliyeuliza tena juzi kuhusu mabalozi. Anajijua.

Jumamosi saa nne asubuhi tupo stesheni, tunaandika majina ya watakaokuwa mawakala, wawili kila kituo, na wa akiba. Daftari ninalo. Kalamu mje nazo.