Miwani ya Kazi ni Chombo cha Kazi



Fundi wa kuchomelea vyuma akipewa kioo cha kukinga macho, hatusemi amepewa zawadi. Mtu wa mjengo akipewa kofia ngumu na viatu, hatusemi amefanyiwa hisani. Hivyo ni vyombo vya kazi. Basi twauliza: karani asiyeona mbali, ambaye hutazama kioo cha kompyuta saa nane kila siku, miwani yake ni nini? Je, ni pambo?

Miaka hii wanachama wengi kazi yao ni macho. Wako wa benki, wa bima, wa kupokea simu za wateja, wa kuingiza hesabu, na vijana wa Nairobi wanaopanga picha na maneno kwenye kompyuta kwa ajili ya kampuni za ng'ambo. Malalamiko yao ni yale yale. Ikifika alasiri macho huwasha na kichwa huuma. Herufi huanza kuingiwa na ukungu. Mtu akitoka jioni, hawezi kusoma namba ya matatu mpaka imfikie puani. Lakini wengi hunyamaza, maana waogopa kuambiwa hawafai kazi. Huinamia kioo mpaka shingo ikakaza. Kisha hukosea tarakimu moja, na barua ya onyo humfuata mezani.

Yafaa tuelewe jambo lenyewe, ili tukienda kuzungumza na waajiri tusiyumbe. Jicho la mtu asiyeona mbali kwa kawaida ni refu kidogo kuliko lingine. Picha ya kitu cha mbali huishia mbele ya ukuta wa nyuma wa jicho, haiufikii, kwa hiyo huonekana na ukungu. Miwani yenye namba ya kutoa huisogeza picha hiyo mpaka mahali pake.

Hesabu yake si ngumu. Mtu wa namba -2, bila miwani, huona sawasawa mpaka nusu mita tu. Wa -3 mwisho wake ni kama sentimita 33. Wa -4 ni sentimita 25. Kompyuta ya ofisini hukaa kiasi cha sentimita 50 mpaka 70 kutoka usoni. Basi mtu wa -3 aliyevunjikiwa na miwani hana njia ila kuinama. Si mvivu, wala hasinzii. Anatafuta herufi.

Wako pia wenzetu waliopita miaka 40. Lenzi ya ndani ya jicho huanza kuwa ngumu, na miwani ile inayomwonyesha barabara humnyima kioo cha kompyuta. Akiivua, huona karatasi mkononi, lakini kompyuta yaweza kubaki na ukungu. Huyu ahitaji miwani iliyopimwa kwa umbali wa meza yake. Hiyo ndiyo tunayoiita miwani ya kazi.

Hata mwenye miwani ya sawa huchoka. Mtu akikaza macho kwenye kompyuta hupepesa mara chache sana kuliko desturi, na jicho hukauka. Tena misuli ya jicho ikikaa imekaza kwa kutazama karibu muda mrefu, haiachii mara moja, ndiyo sababu ya ukungu ule wa jioni. Madaktari hushauri kila dakika 20 mtu atazame mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Pigeni hesabu: ni dakika moja kwa saa, dakika nane kwa siku. Mwajiri anayetuambia kazi yake itaanguka kwa dakika nane atuonyeshe vitabu vyake.

Wala tusidanganyane sisi kwa sisi. Uchovu huu si upofu. Mara nyingi hupungua mtu akipumzika na kupata miwani ya sawa. Usipoteze fedha kwa miwani inayouzwa kwa sifa ya kuzuia mwanga wa buluu. Uchunguzi mbalimbali ulikusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2023, ikaonekana kwamba huenda haipunguzi uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Usichukue miwani ya kusomea inayotembezwa barabarani, maana hiyo ni ya namba ya kujumlisha, na asiyeona mbali humzidishia ukungu. Lakini ukiona ghafla vimulimuli, madoa mengi meusi, au kama pazia linaloshuka machoni, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye namba kubwa yumo katika hatari zaidi ya ukuta wa nyuma wa jicho kubanduka.

Waajiri wengine hujibu hivi: "Macho hayo ulikuja nayo kutoka kwenu." Ni kweli, wengi wetu tulianza kutoona mbali tangu shule. Lakini hata miguu tulikuja nayo, na bado mtu wa mjengo hupewa viatu. Swali si nani aliyeliumba jicho. Swali ni kazi yahitaji nini ili ifanyike bila kumwumiza mtu.

Nchi nyingine swali hili lilikwisha jibiwa. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka amri mwaka 1990 kwamba mfanya kazi wa kompyuta apimwe macho, na kama miwani ya kawaida haimfai kwa kazi hiyo apewe inayomfaa, bila kutoa senti yake. Mfanya kazi mmoja wa serikali ya Romania alidai gharama ya miwani yake, na shauri likafika mahakama ya Umoja huo iliyoko Luxembourg. Mwaka 2022 mahakama ilisema mwajiri aweza kutoa miwani yenyewe au kurudisha fedha zake, lakini hawezi kujificha nyuma ya nyongeza ya jumla ya mshahara.

Hapa Kenya, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yamtwika mwajiri wajibu wa usalama, afya na hali njema ya wote walio mahali pake pa kazi. Penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya hali nzuri za kazi na haki ya kupatana kwa pamoja. Mlango uko wazi. Ni sisi ambao hatujaingia.

Kwa hiyo twataka mapatano yajayo yaandikwe mambo matatu. Kwanza, kupimwa macho kwa gharama ya mwajiri. Pili, miwani ya kazi kwa anayeihitaji. Tatu, mapumziko ya macho yasiyokatwa mshahara, na asiadhibiwe mtu kwa kusema haoni vizuri.

Wajumbe wa matawi waulize wanachama wao, meza kwa meza, kabla ya mkutano. Nawe unayeficha ukungu wako, mwambie mjumbe. Chama hakiwezi kudai kwa ajili ya mtu aliyenyamaza.