Kabla ya kuuza shamba kufuata roboti India

Harambee za kupeleka wagonjwa India si jambo geni hapa Pwani. Lakini kwa wazee wenye saratani ya tezi dume, siku hizi nasikia familia zikitafuta hospitali yenye roboti kabla hata ya kuuliza kama mgonjwa anahitaji kupasuliwa. Naona tumeanzia mwisho.

Roboti haipasui yenyewe. Daktari huketi kando kwenye mtambo na kuongoza mikono ya chuma inayoingia tumboni kupitia matundu madogo. Damu hupotea kidogo, na mgonjwa huruhusiwa mapema. Hayo ni kweli, wala siyapuuzi. Ila anachohofia mwanamume, hata asiposema barazani, ni kutokwa na mkojo bila hiari na kupoteza nguvu za kiume. Mwaka 2016 madaktari wa Brisbane, Australia, walichapisha utafiti uliowagawa wanaume zaidi ya 300, kwa bahati nasibu, kati ya roboti na upasuaji wa kawaida. Baada ya wiki 12 hakukuwa na tofauti ya maana katka mambo hayo mawili. Walipofuatiliwa hadi miaka 2, hali ilikuwa ileile.

Hata hivyo, mashine huvuta watu. Uingereza, ambako mgonjwa wa hospitali za umma anaruhusiwa kuchagua, wengi waliipita hospitali ya karibu wakafuata zenye roboti. Kati ya vituo 65 vilivyokuwa vikitoa tezi dume mwaka 2010, 16 vilikuwa vimefunga huduma hiyo kufikia 2017. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa na roboti. Na hospitali iliyonunua mtambo wa zaidi ya dola milioni moja haitaketi kuutazama tu. Itatafuta wa kupasuliwa.

Swali la kwanza ni saratani imefika wapi. Ikiwa imeshaingia mifupani, na kwetu wengi hufika hospitalini wakati huo, kutoa tezi hakutaiondoa. Tiba kuu huwa kupunguza homoni za kiume, kwa sindano au kwa kutoa korodani. Ikiwa bado imo ndani ya tezi, kuna upasuaji, kuna mionzi, na isipokuwa kali kuna kufuatiliwa kwa vipimo tu. Utafiti mwingine wa Uingereza uliwagawa wanaume 1,643 katika njia hizo tatu. Baada ya miaka 15, waliofariki kwa saratani hiyo walikuwa takriban 3 katika kila 100, bila tofauti kubwa kati ya makundi.

Mkiamua upasuaji, muulizeni daktari mwenyewe ametoa tezi ngapi mwaka uliopita, na wagonjwa wake wangapi bado wanavaa pedi. Muulizeni pia nani atamwangalia mzee akisharudi, maana kipimo cha damu cha PSA ataendelea kukifanya kwa miaka, na atakifanyia huku huku Mombasa, si Chennai.