Msiinyime Lugha Hesabu

Malenga wenzangu na wapenzi wa Kiswahili, kuna kauli niliyochoka kuisikia: kwamba lugha yetu ni tamu kwa mahaba na mashairi, ila programu za mikrokontrola haziwezi kuelezwa kwayo. Naipinga, na hoja yangu naiandikia hapa Kalemela, mkoani Simiyu.

Tazameni. Mikrokontrola ndogo huhifadhi namba katika nafasi ya biti 8, mfano wa kipande cha mshororo chenye mizani 8. Kila biti ni 0 au 1. Nafasi hiyo ikisomwa kuwa namba isiyo na alama, hubeba 0 hadi 255. Ikisomwa kuwa namba yenye alama, biti ya mwanzo huwa na uzito wa hasi 128, na upeo huwa -128 hadi 127. Basi biti zote nane zikiwa 1, msomaji mmoja huona 255, mwingine huona -1. Maandishi ni yale yale, kanuni ya kuyasoma ndiyo tofauti. Je, lugha inayogeuza "atakuja" kuwa "hatakuja" kwa herufi moja tu ya mwanzo itashindwa kulieleza hilo?

Wala huu si mzaha wa maneno. Kijana anatengeneza kifaa cha kuendesha pampu ya bustani. Maji tangini yamebaki sentimita 20, na kiwango cha chini ni 30. Programu inafanya 20 kutoa 30, jibu ni -10. Likihifadhiwa katika biti 8 zisizo na alama, husomeka 246. Pampu huamini maji ni tele, nayo huvuta hadi tangi likauke. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliangamia dakika moja haijatimia tangu iruke, kwa kuwa namba kubwa ililazimishwa kuingia katika biti 16 zenye alama, ambazo kikomo chake ni 32767.

Mtoto wa hapa huzungumza Kisukuma nyumbani, hufundishwa namba chanya na hasi kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha sekondari hutakiwa aanze upya kwa Kiingereza. Akikwama katika Kiingereza, huhesabiwa kuwa amekwama katika hesabu. Hiyo ni dhuluma, na kila anayeisifu lugha kwa utamu peke yake anaipalilia.

Mtasema istilahi hazipo. BAKITA ipo tangu 1967, na TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tena, "namba yenye alama" na "namba isiyo na alama" zimepungukiwa nini? Amri za programu na zibaki kwa Kiingereza, lakini maelezo yake yawe yetu. Kinachokosekana ni waandishi. Ajuaye kupima mizani 16 za mshororo na aandike walau ukurasa mmoja kuhusu biti 16.