Redio ya Setilaiti Garini: Uliza Kwanza Ni Nani Anayetangaza

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vyaundwa. Walikuwa wakisema juu ya vyombo vya baharini, lakini methali hiyo ilinijia akilini juzi nikiwa Kiogoro, nje kidogo ya mji wa Kisii, nimeketi ndani ya gari la mjomba wangu. Tulikuwa tumefungua redio mpya, na redio hiyo ilikuwa imenyamaza kama maji mtungini.

Mjomba ni mwalimu mstaafu. Gari lake ni Probox iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika. Hilo ndilo hupeleka ndizi na maparachichi sokoni, ndilo hupeleka wajukuu shuleni siku za mvua, na ndilo hubishiwa hodi usiku wa manane mke wa jirani anaposhikwa na uchungu wa kujifungua. Mwanawe, ambaye anafanya kazi ya uuguzi huko Minnesota, Marekani, alimtumia redio ya gari mkononi mwa jamaa aliyekuja likizoni. Ni redio safi yenye kioo king'aacho, na kwenye sanduku imeandikwa kwamba iko tayari kupokea matangazo ya setilaiti.

Fundi mmoja mjini aliifunga. Ikawaka, ikaonyesha maandishi, ikanyamaza. Fundi akasema kasoro iko kwenye eriali, na kwamba kwa shilingi 12,000 angetafuta eriali ya kuvuta setilaiti pamoja na kadi ya kuifungulia. Mjomba alikuwa amekwisha kuzihesabu fedha hizo. Zilikuwa karo ya mjukuu.

"Mjomba, zirudishe mfukoni," nikamwambia.

"Na yule kijana aliyejinyima akanitumia, nitamwambia nini?" akaniuliza.

Hilo ndilo swali lililonifanya nishike kalamu wiki hii, kwa sababu najua si yeye peke yake. Wengi wetu hununua au hutumiwa redio za magari kwa kutazama kioo na kusoma sanduku. Ni wachache wanaouliza swali la kwanza: je, hapa nilipo, kuna mtu anayeitangazia redio hii?

Huduma ya redio ya setilaiti inayosikika katika magari ya Marekani ni ya kampuni ya SiriusXM, iliyotokana na kuungana kwa Sirius na XM mwaka wa 2008. Matangazo yake yameelekezwa Amerika Kaskazini, na msikilizaji hulipa ada. Setilaiti zake zilizosimama juu ya ikweta ziko upande ule wa dunia. Ukiwa Kiogoro, mviringo wa dunia wenyewe umezificha. Basi hata ukipachika eriali ya dhahabu juu ya gari, hutanasa kitu. Na hata huko Marekani, redio iliyoandikwa "tayari" mara nyingi huhitaji kifaa kingine cha kupokelea kinachonunuliwa kando.

Msomaji wa umri wangu ataniuliza, je, sisi Waafrika hatukuwahi kuwa na setilaiti yetu ya redio? Tulikuwa nayo. Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa, alianzisha kampuni ya WorldSpace mwaka wa 1990. Tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa kutoka Kourou huko Guyana ya Ufaransa. Ilisimama juu ya ikweta, usawa wa Kongo, umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Kwa mtu aliye Kisii, hiyo ni karibu utosini, ikiinamia magharibi kidogo. Vilima vyetu, ambavyo hukata FM mara tu gari linapoteremka bondeni, havingeizuia. Hapa Kenya, iliyokuwa Taasisi ya Elimu ya Kenya iliitumia kurushia shule vipindi vya masomo.

Hata hivyo, garini haikuwa rahisi. Mawimbi ya setilaiti hutaka anga wazi. Mti mkubwa au ghorofa huyakata. Wamarekani walijenga mitambo ya ardhini mijini ili kuziba mapengo hayo. Redio nyingi za WorldSpace zilikuwa za kuwekwa nyumbani, kieriali chake kikielekezwa angani kwa mkono. Kisha fedha zikapungua. Oktoba 2008 kampuni iliomba mahakama ya Marekani iilinde dhidi ya wadai wake, na huduma hiyo haipo tena. Aliyekuwa na redio yenye FM pia alibaki na kitu cha kusikiliza. Aliyetegemea setilaiti pekee alibaki na sanduku.

Kwa hiyo, mwenye duka akikuambia leo kwamba redio hii ya gari "inashika setilaiti", mwambie aiwashe mbele yako, usikie kwa masikio yako. Wala usidanganyike na sahani ya televisheni iliyo juu ya paa la nyumba. Sahani ile imeelekezwa mahali pamoja na kukazwa. Gari nalo hupinda kila kona.

Basi tuchague nini? Kwanza, masafa ya FM. Hapa kwetu FM huanzia 88 hadi 108. Redio nyingi za magari yaliyotoka Japani huanzia 76 na kukomea 90, kwa sababu ndivyo walivyojipangia huko. Mafundi hutia kifaa kiitwacho ekspanda, ambacho huteremsha masafa. Kama kinateremsha kwa 15, stesheni ya 98.4 utaipata kwenye 83.4. Husaidia, lakini hakiwezi kuingiza FM yote katika nafasi ile finyu, na baadhi ya stesheni zitabaki nje. Ikiwa fedha zipo, redio yenye 88 hadi 108 ni afadhali.

Redio ya Marekani nayo ina lake. Hufika 108, lakini huruka hatua mbili mbili: 98.1, 98.3, 98.5. Stesheni ya 98.4 huirukia. Usiitupe. Nyingi zina mahali pa kuchagua eneo katika mipangilio yake; chagua Ulaya, nayo itaanza kusimama kila hatua.

Pili, ukubwa wa tundu. Redio nyembamba huwa na upana wa milimita 180 na kimo cha 50. Ile nene ina kimo cha 100. Toyota nyingi zina tundu la upana wa 200, hivyo utahitaji fremu ya kuziba pengo. Pima kabla ya kununua, usije ukakatiwa dashibodi kwa msumeno. Na kwa mwenye lori la volti 24, redio ya volti 12 itaungua ukiiunga moja kwa moja.

Tatu, anayetaka stesheni za ng'ambo atazame kama redio ina Bluetooth au tundu la waya wa simu. Simu yako itazileta kwa intaneti. Lakini jua gharama: matangazo ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti 58 kwa saa. Safari ya Kisii hadi Nairobi si saa moja.

Sasa tuje kwenye kufunga, ambako hasara nyingi hutokea. Mwambie fundi aondoe kwanza waya wa hasi kwenye betri. Katika redio nyingi za kununuliwa dukani, waya wa manjano hutoka kwenye betri moja kwa moja ili redio isisahau saa na stesheni. Mwekundu hupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Mweusi huenda kwenye bodi ya gari. Wa buluu huipa eriali umeme. Magari mengi ya Kijapani yenye eriali ya kwenye kioo huuhitaji, na ukiachwa ukining'inia, hata stesheni ya karibu itakoroma. Rangi nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, kila moja na mwenzake mwenye mstari mweusi, ni za spika. Hizo zisiguse bodi ya gari kamwe.

Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Usiifunge kwa karatasi ya sigara wala usiweke iliyo kubwa zaidi. Fyuzi huungua ili gari lisiungue.

Nilipochungulia nyuma ya redio ya mjomba, nilikuta fundi ameunganisha wa manjano na mwekundu pamoja. Redio ilikuwa haizimiki sawasawa hata ufunguo ukitolewa, ikinyonya betri usiku kucha. Nikamwuliza kama gari limewahi kugoma kuwaka.

Shangazi ndiye aliyejibu. "Jumanne. Usiku. Walimbeba yule mama kwa pikipiki."

Mama na mtoto walifika salama, namshukuru Mungu. Lakini tulinyamaza kwa muda pale, na mjomba hakuitaja tena kadi ya setilaiti.

Tulizitenganisha waya hizo, tukaunga wa buluu, tukabadilisha eneo kutoka Marekani hadi Ulaya. Kisha nikatafuta FM. Egesa ikaingia, ikifuatwa na Minto ya KBC, zote kwa Ekegusii, na sauti safi kuliko ile ya redio ya zamani. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Mjomba akainua mkono tunyamaze, akasikiliza majina yote hadi mwisho, kama wafanyavyo wazee wa huko, ili asikose kwenda kumzika mtu wake.

Baadaye alimpigia simu mwanawe. "Redio yako inafanya kazi," akamwambia. "Ile habari ya setilaiti tuwaachie wenyewe."

Karo ililipwa Jumatatu. Nawe msomaji, kabla ya kufungua pochi, uliza maswali matatu: ni nani anayetangaza, masafa yake ni yapi, na fundi ataunga waya gani wapi. Redio isiyo na mtangazaji ni pambo tu.

Tukutane tena Jumapili ijayo, panapo majaliwa.